Kununua Hisa na Opsheni Mtandaoni: Mwongozo Kamili, Kuanzia Akaunti Hadi Siku ya Mkataba Kuisha

Siku niliyogusa opsheni, yaani mikataba ya haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyoandikwa, kwa mara ya kwanza nilipoteza dola 2,000 ndani ya sekunde moja. Bahati yangu zilikuwa fedha za mchezo, kwenye akaunti ya majaribio. Nilitaka mkataba mmoja. Nilishasoma kwamba mkataba mmoja hubeba hisa 100, basi kwenye kisanduku cha idadi nikaandika 100 na kubonyeza. Jukwaa halikuwa na habari na nia yangu, lilisoma namba tu: mikataba 100, kila mmoja hisa 100, jumla hisa 10,000. Wauzaji walikuwa wanataka dola 1.30 kwa hisa, wanunuzi wanatoa 1.10. Nikawa nimenunua kwa 13,000, na papo hapo skrini ikaniambia kwamba nikiuza sasa hivi napata 11,000. Hisa yenyewe haikuwa imesogea hata senti.

Tangu hapo naamini kwamba anayeanza huumizwa na fomu ya oda kabla soko halijapata nafasi ya kumuumiza. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye fomu hiyo, na utapita haraka mambo kama michoro ya rangi ambayo kila mtu anapenda kuyaeleza. Mifano ni ya soko la Marekani, maana ndilo ambalo majukwaa mengi ya mtandaoni yanakufikisha, na ndiko opsheni za hisa zilikoanza kuuzwa kwenye soko rasmi: soko la opsheni la Cboe lilifunguliwa Chicago Aprili 1973 likiwa na opsheni za kununua za kampuni 16 tu. Opsheni za kuuza zilifuata mwaka 1977.

Dalali kwanza, programu baadaye

Jukwaa ni mlango. Nyuma ya mlango yuko dalali, na ndiye anayeshika mali yako. Kabla hujavutiwa na programu yake, mchunguze yeye. FINRA, chombo kinachosimamia madalali Marekani, ina huduma ya bure iitwayo BrokerCheck: unaandika jina la kampuni, unasoma usajili wake na adhabu ilizowahi kupewa. Tazama pia kama ni mwanachama wa SIPC, shirika linalolinda mali za wateja wa madalali. Kampuni ikianguka na mali za wateja zisionekane, SIPC hufidia hadi dola 500,000 kwa mteja, na ndani ya hizo fedha taslimu haziwezi kuzidi 250,000. Ulinzi huo hauhusu hisa yako kushuka bei. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na wapo wanaouza huduma zao kwa kuutumia mkanganyiko huo.

Mtu anayekutafuta mwenyewe kwa ujumbe na kukuahidi faida ya kila wiki si dalali. Majukwaa ya kitapeli hukuruhusu kuweka fedha kwa dakika mbili na kukuonyesha faida nzuri sana. Siku ya kutoa ndipo unaambiwa ulipe kwanza "kodi" au "ada ya kufungua". Dalali wa kweli hukata ada yake kwenye akaunti yako, haombi utume nyingine kutoka nje.

Kuhusu gharama: Oktoba 2019 madalali wakubwa wa mtandaoni Marekani walifuta kamisheni ya kununua hisa, na tangu hapo neno "bure" limejaa kwenye matangazo. Soma chini yake. Wengi bado hutoza senti kadhaa kwa kila mkataba wa opsheni, na kuna ada ya kubadilisha fedha na ya kutoa fedha nje ya nchi. Kwa mtu anayeweka kiasi kidogo kila mwezi, ada ya kubadilisha fedha ndiyo inayomla zaidi, na ndiyo isiyotangazwa.

Kufungua akaunti

Utaombwa kitambulisho au pasipoti, uthibitisho wa makazi na namba yako ya mlipakodi. Jina liandikwe vilevile lilivyo kwenye kitambulisho na kwenye akaunti ya benki utakayotuma kutoka. Herufi moja ikipishana, maombi yanakwama siku kadhaa.

Kisha yanakuja maswali: kipato chako, uzoefu wako, lengo lako. Jibu ukweli. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kiwango cha opsheni utakachoruhusiwa. Kuna mafunzo mengi mtandaoni yanayoelekeza watu waandike uzoefu wa miaka mitano ili wafunguliwe kila kitu. Huko ni kuomba ufunguo wa chumba ambacho hujui kilicho ndani.

Usiye Mmarekani utajaza fomu ya kodi iitwayo W-8BEN, ya kueleza kwamba wewe si mlipakodi wa huko. Hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka uliosaini, halafu unasaini upya. Nchi yako isipokuwa na mkataba wa kodi na Marekani, gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, hukatwa asilimia 30 kabla halijakufikia. Na jambo ambalo halisemwi sana: mgeni asiyeishi Marekani akifariki akiwa na mali za huko zinazozidi dola 60,000, hisa zikiwemo, kodi ya mirathi ya Marekani inaweza kuwafikia warithi wake. Kwa anayeanza na dola 300 hili liko mbali, lakini anayejenga akiba ya miaka 20 alijue mapema.

Utaulizwa uchague akaunti ya fedha taslimu au ya mkopo, ile inayoandikwa "Margin". Chagua taslimu. Kwenye akaunti ya mkopo dalali anaweza kukukopesha hadi nusu ya bei ya hisa unazonunua. Zikishuka sana, ana haki ya kuziuza bila kukupigia simu. Akaunti ya taslimu ina usumbufu mmoja. Tangu tarehe 28 Mei 2024 mauzo ya hisa hukamilika siku moja ya kazi baadaye, na fedha ambazo hazijakamilika usizizungushe. Ukinunua kwa fedha hizo na kuuza ulichonunua kabla hazijaingia, umevunja sheria. Ukirudia, akaunti hubanwa siku 90. Usumbufu huu mimi nauona ni msaada, unampunguza mtu kasi.

Funga akaunti kwa uthibitisho wa hatua mbili, na kama jukwaa linaruhusu tumia programu ya kuzalisha namba badala ya ujumbe wa simu. Halafu fanya zoezi ambalo watu hulicheka: weka kiasi kidogo kabisa, kisha kitoe chote kirudi benki. Ikifika salama, unajua njia inapitika pande zote mbili, na ada zake umezipima mwenyewe.

Kusoma bei, kuandika oda

Namba kubwa unayoiona juu ya skrini ni bei ya biashara iliyokwisha kufanyika. Si lazima wewe uipate. Zinazokuhusu ni mbili ndogo pembeni yake: bei anayotoa mnunuzi, na bei anayotaka muuzaji. Ukinunua kwa pupa unalipa ya muuzaji, ukiuza kwa pupa unapokea ya mnunuzi. Pengo kati yake ni gharama, hata kama hakuna aliyeiita ada. Kwenye hisa za kampuni kubwa pengo ni senti moja au mbili. Kwenye opsheni linaweza kula sehemu nzima ya fedha zako, kama nilivyoonja.

Oda ya bei ya soko, "Market", humwambia dalali: ninunulie kwa bei yoyote iliyopo. Oda ya kikomo, "Limit", humwambia: usizidishe hapa. Tumia kikomo kila mara. Kwenye opsheni sioni sababu hata moja ya anayeanza kutumia nyingine. Hasara ya kikomo ni kwamba oda inaweza isitimie, basi isitimie.

Kuna na oda ya kusimamisha hasara, "Stop", ambayo watu huiamini kupita kiasi. Tuseme umenunua hisa kwa 50, ukaweka simamisho kwenye 46. Jioni soko likiwa limefungwa kampuni inatangaza matokeo mabaya, na asubuhi hisa inafunguka ikiwa 41. Simamisho lako linaamka na kuuza kwa bei iliyopo, yaani karibu 41. Ile 46 haikuwahi kupatikana, bei iliiruka. Ukiunganisha simamisho na kikomo hutauziwa chini ya bei uliyotaja, ila unaweza usiuziwe kabisa na hisa ikaendelea kuporomoka mikononi mwako. Lipi bora? Kwangu, kununua kiasi ambacho hata kikifunguka 41 nitalala usingizi.

Kisanduku cha muda nacho kina maana. "Day" ni oda inayokufa soko likifungwa. "GTC" inabaki hai hadi uifute au muda wa dalali uishe, na oda za GTC zilizosahauliwa huja kutimia wakati mwenyewe hata hakumbuki alitaka nini. Soko la New York hufunguliwa saa 3:30 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni kwa saa za huko. Marekani hubadili saa Machi na Novemba, kwa hiyo kwako saa ya kufungua itasogea. Dakika 15 za mwanzo bei hurukaruka na mapengo ni mapana. Subiri yatulie.

Kabla ya kutuma, jukwaa hukuonyesha ukurasa wa uhakiki. Hapo simama. Mimi huusoma kwa sauti, neno kwa neno: nanunua, hisa 4, za kampuni fulani, kwa kikomo cha 50.10, leo tu, jumla 200.40. Alama ya kampuni iangalie mara mbili, maana kampuni mbili zisizohusiana zinaweza kupishana herufi moja. Jumla ndiyo shahidi mkubwa. Kama siku ile ningeisoma jumla, 13,000 ingenishtua.

Opsheni: mstari mmoja wa jedwali

Opsheni ni mkataba unaompa mnunuzi haki bila kumlazimisha. Opsheni ya kununua, yenye herufi C, inampa haki ya kununua hisa 100 kwa bei iliyoandikwa, hadi tarehe iliyoandikwa. Ya kuuza, yenye herufi P, inampa haki ya kuziuza. Bei hiyo ni bei ya utekelezaji. Anacholipa kupata haki hiyo ni premiamu, na aliyeipokea premiamu amejifunga: akidaiwa, atimize.

Kabla ya kuruhusiwa, dalali lazima akupe kijitabu rasmi cha sifa na hatari za opsheni. Wengi hubonyeza "nimesoma" bila kukifungua. Ukikiona kirefu, soma angalau sura za hatari.

Fungua jedwali la opsheni. Katikati zimepangwa bei za utekelezaji, upande mmoja C, mwingine P, juu tarehe. Usiangalie jedwali zima, macho yatachoka. Shika mstari mmoja. Hisa iko 50. Mstari unasema: C, utekelezaji 52, zimebaki siku 45, mnunuzi 1.40, muuzaji 1.50.

Bei hizo ni kwa hisa moja, kwa hiyo zidisha kwa 100. Mkataba mmoja ni dola 150, na hizo ndizo zote unazoweza kupoteza ukiununua. Ili urudishe fedha zako siku ya mwisho, hisa inatakiwa ifike 53.50, yaani 52 ukijumlisha 1.50 uliyolipa. Sasa tuseme ulikuwa sahihi: hisa imepanda kwa asilimia 6, imefunga siku ya mwisho ikiwa 53. Haki yako ya kununua kwa 52 ina thamani ya dola moja kwa hisa, 100 kwa mkataba. Ulilipa 150. Umetabiri vizuri na umepoteza theluthi moja. Mwenye hisa za kawaida siku hiyo anachekelea.

Hapo ndipo opsheni inapotofautiana na hisa. Mwenye hisa anahitaji kuwa sahihi kuhusu mwelekeo. Mnunuzi wa opsheni anahitaji mwelekeo, umbali na muda, vyote vitatu.

Pembeni ya bei kuna safu za herufi za Kigiriki. Mbili zinatosha kwa sasa. Delta hukuambia opsheni itasogea kiasi gani hisa ikisogea dola moja: delta ya 0.40 ni kama dola 40 kwa mkataba. Theta ni kile muda unachokula kila siku ukilala; theta ya 0.03 ni dola 3 kwa usiku, na makali yake huongezeka kadiri siku ya mwisho inavyokaribia, hasa pale bei ya utekelezaji inapokaribiana na ya hisa.

Safu nyingine ya kutazama ni mtikisiko unaotarajiwa, "IV", yaani kiasi ambacho soko linategemea bei ya hisa itarukaruka. Ukiwa juu, opsheni zote ni ghali. Hupanda kuelekea siku ya kampuni kutangaza matokeo na kuporomoka asubuhi yake. Ndiyo maana mtu hununua C jioni, kesho hisa inapanda kweli, naye anakuta opsheni yake imeshuka. Hakuibiwa. Alinunua mwavuli mawingu yakiwa yametanda, akataka kuuza jua limetoka.

Vitendo vinne vya fomu ya opsheni

Kwenye hisa unanunua au unauza. Kwenye opsheni kuna vinne: kununua kwa kufungua, kuuza kwa kufunga, kuuza kwa kufungua, kununua kwa kufunga. Maneno ya kutafuta ni "Open" na "Close". Ukinunua kwa kufungua, unatoka kwa kuuza kwa kufunga. Ukikosea ukachagua kuuza kwa kufungua mkataba mwingine, hujatoka: umeingia upande wa anayedaiwa. Kiwango cha chini cha ruhusa kinaweza kuizuia oda hiyo, nayo ni sababu nyingine ya kutokiongeza haraka.

Mpangilio wa kuandika oda yako ya kwanza, kwenye akaunti ya majaribio, ni huu:

1. Chagua hisa ambayo opsheni zake zinauzika: tazama idadi ya mikataba iliyo wazi, "Open Interest", iwe kubwa, na pengo la bei lisizidi sehemu ndogo ya premiamu.
2. Chagua tarehe yenye angalau siku 30 mbele. Opsheni za wiki hii zina bei ndogo kwa sababu karibu zimekwisha.
3. Bofya bei ya muuzaji kwenye mstari wako. Fomu itajijaza.
4. Idadi: 1. Ndiyo, moja.
5. Kikomo katikati ya pengo; kwa mfano wetu, 1.45. Ukikosa, ongeza senti moja moja.
6. Soma ukurasa wa uhakiki kwa sauti, tuma, kisha hakikisha kwenye orodha ya oda kwamba imetimia. Usitume ya pili ukidhani ya kwanza imepotea.

Kutoka si lazima kusubiri siku ya mwisho wala kununua hisa zenyewe. Unauza mkataba, kama ulivyoununua.

Siku ya kuisha

Opsheni za kawaida za mwezi huisha Ijumaa ya tatu. Hapa ndipo watu wanaporudi Jumatatu kukuta akaunti wasiyoitambua. Kampuni inayosimamia malipo ya mikataba yote, Options Clearing Corporation, hutekeleza yenyewe opsheni yoyote iliyomaliza ikiwa na faida ya kuanzia senti moja, isipokuwa mwenye nayo ametoa maagizo mengine. Ukiwa na C yetu ya 52, na hisa ifunge Ijumaa ikiwa 52.03, umenunua hisa 100 kwa dola 5,200. Una dola 5,200? Kama huna, dalali anaweza kuuuza mkataba wako saa za mwisho kwa bei yoyote iliyopo. Ukiwa nazo, unabeba hisa mwishoni mwa wiki, na Jumatatu inaweza kufunguka 49.

Kanuni yangu: mkataba nilioununua nauuza kabla ya wiki yake ya mwisho, uwe na faida au hasara.

Ukifika upande wa muuzaji

Njia ya kwanza inayoruhusiwa kwa wengi ni kuuza C juu ya hisa 100 ulizo nazo. Una hisa za dola 50, unauza C ya 55 na kupokea 0.80, yaani dola 80 taslimu. Hisa isipofika 55, umekula premiamu na hisa zako unazo. Ikienda 70, utazitoa kwa 55 huku ukiangalia. Ikishuka hadi 38, umepoteza 1,200 na zile 80 ni kifuta jasho. Watangazaji huiita kipato cha kila mwezi; huzungumza kidogo kuhusu ile 38.

Aliyeuza anaweza kudaiwa siku yoyote, si ya mwisho tu, kwa sababu opsheni za hisa za Marekani hutekelezwa wakati wowote. Mara nyingi hutokea siku moja kabla ya hisa kuanza kuuzwa bila gawio, mnunuzi akilitaka gawio hilo. Kuuza C bila kuwa na hisa ni jambo lingine kabisa. Hasara yake haina dari, kwa sababu bei ya hisa haina dari, na sitaielekeza hapa.

Daftari

Mali bila daftari huisha bila habari, na programu ya jukwaa si daftari. Inakuonyesha faida na hasara, haikumbuki ulichokuwa unafikiri. Andika tarehe, ulichonunua, kwa nini, utatoka wapi ukikosea, na ada zote. Pakua taarifa ya kila mwezi na uihifadhi nje ya jukwaa, kwa sababu nchi unayoishi itataka hesabu yake ya kodi hata kama Marekani imeshakata ya gawio.

Na kwenye safu ya mwisho ya daftari andika jumla uliyoisoma kwenye ukurasa wa uhakiki, kwa mkono, kabla ya kubonyeza kutuma. Yangu ina mistari zaidi ya 200 sasa. Mara mbili kalamu imesimama katikati ya namba, nikarudi kwenye fomu na kukuta idadi imejaa sifuri.